Siku Geji Ilipomdanganya Aabo

Kuna harufu ya petroli ambayo haijaungua vizuri. Inakwaruza koo, inakaa kwenye nguo hadi jioni, na kama ulikulia Isiolo kando ya barabara ya kwenda soko la mifugo, unaijua hata ukiwa umefumba macho. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa mjini, bodaboda mmoja akasimama karibu nami, pikipiki yake ikitoa moshi mweusi. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeinama, sikio langu karibu na injini ya mtu nisiyemjua. Kijana akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia pikipiki yake inakula kupita kiasi, aende apunguziwe mafuta kwenye kabureta. Akanitazama vile vijana wanavyomtazama mwanamke wa buibui akitaja kabureta, kisha akaondoka. Nimezoea.

Lakini harufu haikuondoka naye. Ilinirudisha nyumbani, kwenye msimu ule ambao nilikuwa na hakika kwamba baba yangu ameacha kunipenda.

Baba tulimwita Aabo, kama wanavyofanya watu wa kwetu. Babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza, vita vikaisha, akabaki Isiolo na ng'ombe wachache na tabia ya kuamka mapema. Uzao wake ukawa wa wafanyabiashara na madereva wa lori, isipokuwa Aabo, ambaye hakupenda kitu chochote chenye zaidi ya magurudumu mawili. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba yetu: mabati machache juu ya nguzo za mgunga, na sakafu ya udongo uliokunywa oili hadi ukawa mweusi na laini. Hooyo, yaani mama, alilalamika kwamba hata chapati zetu zilikuwa na ladha ya grisi. Alikuwa anasema kweli.

Watu walimletea Aabo pikipiki zao kwa sababu ya masikio yake. Mafundi wengine walifungua kwanza wakauliza baadaye. Yeye aliiwasha mashine, akafumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja, na kila aliyekuwa hapo akanyamaza kana kwamba anasubiri matokeo ya mtihani. Mara nyingine aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, na hapo alisikia mambo ambayo mwenye pikipiki hakutaka yajulikane. "Hii umebebea watu wanne na mbuzi," alimwambia mteja mmoja mbele yangu. Yule mtu aliapa kwamba hakubeba mbuzi. Kuhusu wale watu wanne hakusema kitu.

Mimi nilifundishwa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa kifungua mimba na kwa sababu sikutoka pale hata nikifukuzwa. Aabo hakuwa na maneno ya vitabuni. Kabureta, aliniambia, ni jikoni. Petroli ni unga, hewa ni maji, na injini ni mtoto anayesubiri uji. Uji ukiwa mzito mtoto anakabwa, ukiwa mwepesi analia njaa, na fundi ndiye mpishi. Alizungusha skrubu ya hewa kidogo, akaniuliza, "Sasa imekuwaje?" Nami nikajibu, "Imeshiba," au, "Ina njaa." Nikikosea hakunigombeza, aliirudia tu hadi nisikie. Alinifundisha pia kutambua ekzosi inayovuja, ile pumzi fupi inayotoka pale bomba linapokutana na injini, tsu, tsu, tsu, kama mchungaji anayeita kondoo wake bila kutaka majirani wajue. Nilikuwa mtoto mdogo na nilijua mambo haya kuliko nilivyojua hesabu ya kugawanya, na mwalimu wangu wa hesabu angeweza kuthibitisha.

Kisha Aabo akaacha kuniitikia.

Haikutokea kwa siku moja. Nilitoka shuleni, nikasimama nyuma yake akiwa ameinama juu ya injini, nikasema, "Aabo, nimerudi." Zamani angenikaribisha bila hata kugeuka. Sasa aliendelea kukaza nati. Nikasema tena, naye akaendelea. Nikizunguka hadi mbele yake, alitabasamu na kuniuliza habari za shule, akiutazama mdomo wangu nilipojibu. Akishanipa mgongo, nilikuwa kama sipo. Hata sauti yake ilibadilika, ikawa kubwa na ngumu, sauti ya mtu anayegombana, hata alipokuwa anaomba chumvi. Mtu mzima angeelewa mara moja. Mimi nilikuwa na akili ya mtoto, na akili ya mtoto haikosi maelezo. Niliamua kwamba Aabo amenikasirikia, na kwamba ananisemesha pale tu asipoweza kukwepa, vile watu wazima wanavyomsalimia jirani waliyegombana naye wakikutana naye uso kwa uso sokoni.

Alikuwa anapoteza kusikia, bila shaka. Kukaa miaka yote hiyo kando ya injini zisizo na silansa kulikuwa kumemla masikio kidogo kidogo. Nawaambia ninyi mapema ili msihangaike. Mimi hakuna aliyeniambia.

Mambo yaliharibiwa zaidi na Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, ambaye alikuwa na hadithi ya adhabu kwa kila kosa. Kwetu tunaitafuta dua ya mzazi, na habaar, laana yake, tunaiogopa kuliko ukame. Ayeeyo alisema laana inayopigiwa kelele si kitu, hiyo ni hasira tu na hasira hupoa. Laana yenyewe, alisema huku akikoroga chai, ni ya mzazi anayekunyamazia. Huyo ameshakukabidhi kwa Mungu na kunawa mikono. Alikuwa anamsema kijana wa jirani aliyeuza ngamia wa baba yake bila ruhusa, lakini mimi niliyachukua maneno yote na kwenda nayo kulala.

Basi nikaanza kutafuta kosa langu. Nilikuwa na uhakika lipo, tatizo lilikuwa kulipata. Nilifikiria sukari niliyoramba jikoni. Nilifikiria viatu vya Aabo nilivyovaa kwenda chooni. Nilifikiria wimbo wa kanisa niliofundishwa na rafiki yangu Kendi, mtoto wa Wameru waliolima shamba upande wa Burat, ambao niliuimba uani kwa sauti kubwa kwa sababu ulikuwa na sehemu nzuri ya kupiga makofi. Huo ndio ulionitia hofu zaidi. Nilimweleza Kendi, naye kwa huruma akajitolea kuja kumwambia Aabo kwamba wimbo ule hauna maana yoyote mbaya, unamsifu tu Mungu. Nilimkataza. Niliona angeongeza kesi.

Nikajaribu kulipa deni nisilolijua. Nilimpelekea maji ya udhu kabla hajaomba. Nilisugua spana zake kwa mafuta ya taa hadi vidole vyangu vikapauka. Alipoviona vitu hivyo alitikisa kichwa kwa furaha, nami nilikipima kila kitikiso usiku kucha: je, kile kilikuwa cha msamaha au cha adabu tu? Asubuhi nilirudi nyuma ya mgongo wake na kumwita taratibu. Mgongo haukujibu. Ninaukumbuka mgongo ule kuliko ninavyokumbuka uso wake wa siku hizo, shati la kaki lenye jasho katikati, na mfupa uliotokeza kila alipovuta spana. Nilikuwa ninaogopa kwa dhati, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa tangu hapo.

Wateja pia walianza kuona kitu. Mutwiri, bodaboda wa Kimeru aliyebeba miraa na ambaye shavu lake moja lilikuwa limejaa miraa muda wote, alikuja siku moja akiwa amechoka na vumbi mpaka kwenye kope.

"Fundi, habari. Hii mashine uliniseti juzi, nikipanda mlima ya Subuiga inakohoa inazima. Nimeisukuma kama punda."

Aabo aliutazama ule mdomo uliojaa majani, hakuambulia kitu, akatabasamu. "Ahsante sana," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Karibu tena."

Mutwiri akacheka akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka, akanitazama mimi, akamtazama Aabo tena. Aliondoka bila kudai kitu. Baada ya hapo nilimwona mara mbili hivi akipeleka pikipiki yake kwa fundi mwingine upande wa pili wa mji, akipita mbele ya karakana yetu haraka kama mtu aliyebanwa na haja. Wengine wakamfuata. Aabo alikaa kwenye sanduku lake la vifaa akisubiri kazi, akipangusa vitu ambavyo nilikuwa nimeshavipangusa.

Hooyo aliona yote. Lakini mtu kama Aabo huwezi kumwambia jambo hilo mchana kweupe, angekataa, na akishakataa mara moja basi imekuwa sheria. Kwa hiyo alimpigia simu kaka yake.

Huyo ndiye Abti, mjomba wangu, aliyekuwa akiendesha mabasi Uingereza na kuja nyumbani kila alipopata nauli na likizo kwa wakati mmoja. Alifika na sanduku la manukato, na chokoleti zilizokuwa zimeyeyuka kabla hazijafika Isiolo, na chini kabisa, lililofungwa kwa fulana, boksi dogo. Alimpa Aabo boksi lile kama mtu anayetoa kitu cha kuondoa uzito begini.

"Shemeji, nimekuletea hii kitu. Vijana wa huko wanaichezea kwa pikipiki. Mimi sijui kazi yake."

Alijua vizuri sana kazi yake, kwa sababu Hooyo alikuwa amemweleza kwenye simu na yeye alikuwa amezunguka maduka akiuliza. Hilo nililijua nikiwa mtu mzima. Alivaa ujinga makusudi ili shemeji yake asivuliwe nguo, na mpaka leo nikimfikiria Abti namwona akiwa ameshika boksi lile, akijifanya mjinga kwa upendo.

Ndani mlikuwa na geji, kitu cha mviringo kinachotosha kwenye kiganja, chenye tarakimu nyekundu zinazowaka. Kutoka nyuma yake ulitoka waya mrefu ulioishia kwenye kipande cha chuma kama plagi. Hiyo ndiyo sensa, inafungwa kwenye bomba la ekzosi ili iuonje moshi, na geji inakuambia injini imepewa sehemu ngapi za hewa kwa kila sehemu moja ya petroli. Kumi na nne na kitu, petroli yote imeungua. Namba ikipanda juu ya hapo, injini ina njaa. Ikishuka, imeshiba, na ikishuka sana inakabwa. Abti alisoma karatasi ya maelezo kwa sauti, akitafsiri, Aabo akiutazama mdomo wake. Halafu Aabo akaichukua geji na kuigeuzageuza.

"Hii inaonyesha kwa macho," akasema.

Sikuwa nimeuona uso ule kwa muda mrefu. Kila mtu chumbani alifurahi isipokuwa mimi. Kwa miezi sikuulizwa tena, "Sasa imekuwaje?" Nilikuwa nimejifariji kwamba siku Aabo atakaponisamehe ataniuliza swali hilo tena. Sasa alikuwa ameletewa kutoka Uingereza kitu cha kujibu badala yangu. Nilikichukia kifaa kile kama mtoto anavyomchukia mdogo wake anayezaliwa.

Pikipiki aliyochagua kuanza nayo ilikuwa ya babu yangu, baba yake Aabo. Ilikuwa ya Kiingereza, ya silinda moja, ya zamani sana, ambayo babu aliinunua kwa afisa mmoja wa mifugo aliyekuwa akirudi kwao. Tangi lake lilikuwa na mabonde kama sufuria iliyoanguka, na ukipiga kiki vibaya ilikurudishia teke. Aabo alisema kwa kuwa si ya mteja, hata ikiharibika hakuna wa kumlaumu. Ukweli ni kwamba ilikuwa ngumu kuliko zote. Kama angeweza kuiseti hiyo kwa macho, angeweza kuseti pikipiki yoyote ya Isiolo, na kama angeshindwa, hakukuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani.

Alilifungua bomba la ekzosi, akatoboa, akachomelea nati ya kushikilia sensa. Katika kulirudisha, ile gasketi ya zamani, pete ya kuziba mwanya pale bomba linapoingia kwenye injini, ilikuwa imemong'onyoka. Isiolo siku zile gasketi haikutoka dukani, ilitoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Aabo alikata pete ya bati kutoka kwenye kopo la Hooyo, akaibana mahali pake, akakaza. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Ila maisha yake yote alikuwa pia akisikiliza baadaye kama imeshika.

Ilikuwa alasiri, baada ya swala, na upepo wa vumbi ulikuwa umetulia. Betri ya gari ililazwa chini ili kuipa geji umeme, kwa sababu pikipiki ya babu haikuwa na umeme wa maana. Abti alikaa juu ya kreti la soda. Hooyo alisimama mlangoni na birika la chai aliyosahau kuimimina. Ng'ambo ya barabara, chini ya kivuli cha kibanda cha miraa, Mutwiri na wenzake walikuwa wamegeuza pikipiki zao kututazama, maana habari ilikuwa imeenea kwamba fundi ameletewa televisheni ya injini. Mimi nilisimama nyuma ya Aabo, mahali pangu pa kawaida, nikiutazama mgongo.

Alipiga kiki, injini ikaitika. Tarakimu zikacheza, zikatulia: kumi na sita na nusu.

"Ina njaa," Aabo akamwambia Abti. Akaifunga skrubu ya hewa kidogo, ili petroli izidi. Sauti ikawa nzito. Geji ikabaki kwenye kumi na sita na kitu. Akafunga zaidi. Geji haikujali. Akazima, akabadilisha jeti, ile skrubu yenye tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta, akaweka yenye tundu kubwa, akawasha tena. Sasa moshi ulianza kutoka mweusi, na ile harufu ikaanza kukwaruza makoo, na pikipiki ilikuwa ikigugumia kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Geji ikasema kumi na sita.

Aabo akazima, akafungua plagi, akaishika juu kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi tititi, masizi ya petroli isiyoungua.

"Geji inasema ina njaa," akasema polepole. "Plagi inasema imeshiba."

Alisimama katikati ya hivyo viwili, geji mkono huu, plagi mkono huu. Aabo wa zamani asingesita, angeitupa geji kwenye boksi lake na kuendelea na kazi. Lakini mtu aliyesalitiwa na masikio yake huanza kushuku na vingine vyote alivyopewa, na niliona akiitazama ile plagi, aliyokuwa akiisoma tangu ujanani, kama kitu cha mtu mwingine. Akaamua kuiamini geji. Akaweka jeti kubwa zaidi. Ng'ambo ya barabara mmoja wa vijana akacheka, na Mutwiri akampiga kofi la bega anyamaze.

Injini ilipowaka tena, niliisikia. Tsu, tsu, tsu. Ilikuwa pale bomba linapoingia kwenye injini, chini ya mngurumo, ndogo lakini wazi. Na nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeisikia tangu mara ya kwanza, ila nilikuwa na shughuli nyingi za kuichukia geji.

"Aabo," nikasema. "Ekzosi inavuja."

Mgongo.

"Aabo, inavuja hapo mbele."

Alikuwa akizungusha skrubu. Nikaita kwa nguvu, kwa nguvu kuliko mtoto wa kwetu anavyoruhusiwa kumwita baba yake, hata vijana wa ng'ambo wakageuka. Abti alinitazama mimi, akamtazama Aabo, kisha akainamisha macho. Hooyo akaliweka birika chini. Wote walijua, nami niliisoma huzuni ya nyuso zao vibaya kabisa. Nilidhani wanasema: mtoto maskini, hajui kwamba amelaaniwa.

Hapo nikakata tamaa, na kukata tamaa kukanipa ujasiri. Kama nimeshalaaniwa, nilijiambia, hakuna tena cha kuharibu. Nikamzunguka, nikamshika mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili, nikauvuta kuelekea kwenye bomba la moto.

"Toka, utaungua," akasema, akishtuka. Lakini sikumwachia. Nilikisogeza kiganja chake hadi karibu kabisa na ile shingo ya bomba, bila kugusa, nikakishikilia pale. Nikauona uso wake ukibadilika. Pumzi ile ilikuwa ikimpiga kiganjani, fupi, fupi, ya moto. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono wake ndani ya mikono yangu, akisikiliza kwa ngozi.

Akazima injini. Alifungua bomba, akatoa ile pete ya bati, na upande mmoja ulikuwa na ukoko mweusi mahali moshi ulipokuwa ukipitia. Alichukua waya laini wa shaba, akausokota kuwa pete, akaugonga ukawa bapa, akafunga upya. Akapiga kiki.

Geji ikasema kumi.

Aabo akacheka. Abti akauliza kuna nini, na Aabo akamweleza kwamba kumi ni shibe ya kupasua tumbo. Kumbe muda wote ule bomba, kila baada ya kutoa pumzi, lilikuwa likivuta hewa ya nje kupitia kwenye ufa, na sensa ikawa inaonja upepo wa Isiolo badala ya moshi, ikiripoti njaa ambayo haikuwepo. Geji haikuwa mbaya. Ilikuwa imesema kweli kuhusu kile ilichopewa kuonja. Aabo akarudisha jeti ya mwanzo, akafungua skrubu ya hewa kidogo kidogo, macho yake kwenye tarakimu, hadi zikapanda na kutulia kwenye kumi na tatu na kitu. Injini ya babu ikawa inadunda sawasawa, ikinguruma bila kigugumizi. Mutwiri na wenzake walikuwa wameshavuka barabara bila mtu kuwaalika.

Kisha Aabo akachuchumaa mbele yangu, injini ikiendelea, uso wake sawa na wangu.

"Uliisikia lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia," nikasema. "Nimekuita sana. Kila siku nakuita na wewe huitiki." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika pale, nikamalizia. "Umenilaani, Aabo?"

Alikunja uso, akaniambia nirudie, maana aliona labda ameusoma mdomo wangu vibaya. Nikarudia. Akanitazama, na niliona ikimwingia, miezi yote ile ya mtoto aliyesimama nyuma ya mgongo wake.

Akanivuta, akaweka mdomo wake karibu na sikio langu, vile mtu anavyofanya akitaka kukupa siri ambayo wengine hawatakiwi kuijua. Akaniita aabo, kwa maana baba zetu huwarudishia watoto jina lile lile wanaloitwa nao. Naamini mpaka leo kwamba alikusudia kunong'ona. Lakini mtu asiyeisikia sauti yake hana kipimo cha kunong'ona, na maneno yake yalipita juu ya injini, yakapita vichwa vya bodaboda, yakafika hadi kwenye vibanda vya ng'ambo.

"Siskii, aabo. Siskii wewe, siskii mtu yeyote. Hata adhana siskii, naangalia tu watu wakianza kutembea."

Mutwiri aliacha kutafuna. Abti akavitazama viatu vyake. Hooyo akajifunika mdomo kwa mtandio, na mabega yake yakawa yanatikisika. Ilikuwa kama wameletewa habari ya msiba, kwa kuwa fundi wa masikio alikuwa amekiri mbele ya barabara nzima kwamba hana masikio, na ni yeye peke yake aliyedhani ametunza siri. Mimi nilikuwa narukaruka kwenye udongo ule wa oili, machozi yakinitoka, nikicheka, nikimvuta nguo kila aliyekuwa karibu ili naye ajue.

"Hajanikasirikia," nilikuwa nawaambia. "Hasikii tu."